Mwatum, muomba kondo wa Chake Chake

Asubuhi hii sakafu ya wodi ya wazazi mjini Chake Chake bado imelowa maji ya deki, na Mwatum Silima anasubiri mlangoni na kisanduku chake cha barafu. Ndani, mama amejifungua salama. Mkunga anamkabidhi beseni lenye kondo la nyuma. Mwatum anakata kipande kidogo, anakitia kwenye chupa, kisha kilichobaki anakifunga kwa kitambaa safi na kukirudisha kwa jamaa.

"Kipande kifike maabara kingali kibichi," anasema. "Kikichelewa mishipa inakufa, hapana cha kutazama."

Mwatum, mwenye umri wa miaka 47, mkaazi wa Wawi, anafanya kazi katika utafiti wa kisukari cha mimba. Kukata alifundishwa akaelewa upesi. Kuomba, anasema, bado anajifunza.

Kwao kondo huzikwa nyumbani, na bibi wa mtoto ndiye mwenye kauli. Mwaka jana Asya Hafidh wa Pujini, aliyegundulika na sukari akiwa mjamzito, aliridhia mwenyewe kipande kikatwe. Siku ya kujifungua, mkwewe, Bi Mwanaasha, akakataa.

"Mie sina ugomvi nawe, mwanangu," alimwambia Mwatum. "Lakini kile kimetoka na mtoto wetu. Kitarudi kizima. Kwani nyie mwakitakia nini?"

Mwatum alimweleza kama anavyowaeleza wote. Chakula na hewa ya mtoto hupita kwenye mishipa ya kondo. Mishipa hiyo hutanuka damu ipite. Sukari ikizidi katika damu ya mama, ngozi laini ya ndani ya mshipa huharibika, mshipa ukawa mgumu kulegea. Mtoto anaweza kunenepa kwa ile sukari, huku hewa inamfikia kwa shida. Maabara huutia mshipa kwenye dawa na kutazama kama unatanuka.

Bi Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho, na jibu likabaki lile lile. Asya, akiwa kitandani, alimwomba Mwatum aache. Mwatum akalifunga kondo zima, akamkabidhi bibi.

"Hukukasirika?" Bi Mwanaasha alimuuliza.

"Ni chenu, bibi."

Mwatum akamsindikiza hadi nje, na huko ndiko alikomsimulia ya kwake. Alipokuwa akiishi Madungu, alibeba mimba kubwa iliyosifiwa na kila jirani. Karibu na siku zake, mtoto akaacha kucheza. Alizaliwa hana uhai.

"Nilidhani mtoto mkubwa ndiye mwenye afya," anasema Mwatum. "Hakuna awezaye kuniambia kwa hakika kilichomchukua. Ila mimba ya pili nilipimwa, ikaonekana sukari. Ile ya mwanzo sikupimwa, kliniki nilikwenda mara moja tu."

Bi Mwanaasha alimshika mkono, akaondoka na mzigo wake.

Baada ya miezi michache alirudi, safari hii na binti yake, Saada, mwenye mimba changa. "Mpimeni huyu," alisema. "Na yeye anasifiwa unene."

Kipimo cha kwanza kilitoka kizuri. Cha pili, mimba ilipokua, kikaonyesha sukari imepanda. Saada alipunguza wali na vinywaji vitamu, akawa anatembea kila jioni na mama yake, na kliniki hakukosa. Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike, mzima.

Bi Mwanaasha alikuwa mlangoni. "Kateni kidogo," alimwambia Mwatum. "Kilichobaki nipeni mimi."

Majibu ya utafiti bado, na Mwatum hana haraka nayo. Anachotaka ni wanawake wa vijijini wapimwe mapema, kabla hawajaanza kusifiwa. Mganga mkuu wa kituo cha afya cha huko ameshakubali kutoa vipimo, na Bi Mwanaasha ametoa uwanja wake Pujini kwa siku ya kwanza ya upimaji.

"Anataka kuwapikia wageni uji wa sukari," anasema Mwatum akifunika kisanduku. "Nimemwomba apike wa chumvi, tena uje baada ya kupima."