Pua ya Shangazi na Kompyuta za Sadaka

Shangazi yangu, dada yake baba, alichoma korosho pale Ufukoni, Mtwara, kwa kutumia pua. Korosho na maganda yake unazimwaga kwenye nusu ya pipa lililopasuliwa, unawasha moto, mafuta ya ganda yanachuruzika na kushika moto, na moshi mweusi unapanda hadi unadhani kuna meli inaungua. Humo ndani ya moshi hakuna cha kuona. Lazima ujue ni wakati gani hasa wa kumwaga mchanga kuzima. Ukiwahi, korosho mbichi. Ukichelewa, makaa. Yeye alisimama pembeni, ncha ya khanga machoni, pua juu, kisha akapiga kelele: "Mchanga!" Zilitoka rangi ya dhahabu, kila siku ya Mungu. Naapa, akiwa Ufukoni alikuwa anajua nani kaunguza korosho kule mbali Nanyamba, na kwamba alikuwa anapiga soga wakati zinaungua.

Pua ile ndiyo iliyomlisha. Ndiyo iliyonisomesha mimi masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu nyingi kuliko walimu wangu wote ukiwajumlisha.

Basi miaka ya elfu mbili na kitu, shule yetu ya jioni ikaletewa msaada: kontena zima la kompyuta za kichogo kutoka ng'ambo. Umeme wa Mtwara siku hizo ulikuwa unakuja ukijisikia, sisi tunasomea karabai, lakini nani anauliza? Mwalimu mkuu alitufungulia kontena Jumamosi asubuhi, ikasomwa dua, pilau likaliwa. Nilikula sahani ambazo sizitaji, wasije wakanidai.

Halafu tukaona kwamba kila kioo kimechorwa X kubwa kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo ni alama ya ukaguzi," akasema mwalimu mkuu. "Wenzetu wale hawatumi kitu bila kukagua."

Tukatazamana. Sisi wa masomo ya jioni tulikuwa tunaijua X nyekundu kuliko watu wote duniani. Madaftari yetu yalijaa X. Hatukuwahi hata mara moja kuielewa kuwa na maana ya hongera.

Fundi akachomeka ya kwanza: kimya. Ya pili ikatoa cheche. Ya tatu ikatoa panya na familia yake, wakashuka mezani kama abiria waliofika salama. Tukachomeka mpaka jenereta la kuazima likachoka. Hakuna iliyowaka.

"Zirudishwe," nikasema.

"Sadaka?" Mwalimu mkuu alinitazama kama nimetukana msikitini. "Umekula pilau lake, umeitikia amina, leo unasema irudishwe?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akikutolea sadaka, unapokea kwa mikono miwili. Nadhani waliotuma walilijua hilo, na kama hawakulijua basi walibahatika sana.

Nikaenda kwa afisa mmoja mjini aliyehusika na mambo ya mazingira. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba upo mkataba wa mataifa unaozuia taka za sumu kusafirishwa kwenda kutupwa nchi za watu.

"Upo," akasema, "na nchi yetu imeridhia."

"Sasa zile zimepitaje, mheshimiwa?"

"Zile si taka. Taka ni kitu ambacho mwenyewe amekitupa. Zile mwenyewe amezitoa msaada."

"Hazifanyi kazi hata moja."

"Zinahitaji matengenezo."

"Moja ilikuwa na panya, mheshimiwa."

"Panya si sumu, kijana."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuweza kuchemshia chai wilaya nzima. Sheria walikuwa nayo. Walichofanya ni kubadilisha jina la mzigo, na jina lilipobadilika mlango ukafunguka wenyewe.

Mzigo ukaozea uani mwa shule, mpaka akaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Alitaka shaba ya ndani ya waya tu, na waya sharti zichomwe kwanza plastiki iishe. Akaulizia mtu anayeujua moto. Vidole vyote vikaelekea Ufukoni.

"Mama, nasikia wewe na moshi ni ndugu," mnunuzi akamwambia.

"Ndugu gani, baba? Mume! Huyu wa pili, na hajawahi kuniletea mke mwenza."

Watu wakacheka, naye akakubali. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa korosho. Kila moshi tunaupima kwa moshi wa ganda la korosho, ule unaobabua macho na kuchuna koo, na kwa kuwa ule haujatuua, tunaona mwingine wote ni mvuke wa chai. Kiangazi kile chote shangazi alichoma waya katika pipa lake. Mbuzi wa jirani walihama. "Una utamutamu," aliniambia, "kama sukari iliyoungulia kwenye kandambili."

Msimu wa korosho ulipofika akawasha pipa, akasimama pembeni, ncha ya khanga machoni, pua juu. Tukasubiri sauti yake. Moshi ukapanda, ukakolea, ukaanza kunuka makaa hata kwangu mimi nisiyejua kitu.

"Shangazi! Zinaungua!"

"Zinaungua?" Aliteremsha khanga. "Mbona harufu bado haijaja?"

Haikuja tena. Hospitali daktari akauliza alikuwa anachoma nini. Nikamjibu: msaada.

Wanunuzi wa korosho wakahamia kwa wachomaji wengine. Hata leo sikasiriki kwa sababu ya panya wala pilau. Nakasirika nikikumbuka kwamba kulikuwa na mtu huko ng'ambo aliyeshika kalamu, akapita kioo kimoja baada ya kingine akiandika kwa mkono wake kwamba hiki kimekufa, na hiki kimekufa, kisha akakipakia kije kwetu.

Msimu uliofuata nilianza kusimama kando ya pipa badala yake, yeye ameketi na ndoo ya mchanga mapajani.

"Vipi?"

"Bado, shangazi."

"Masomo yote yale," akasema, "kumbe nilikuwa nasomesha pua." Akacheka, akakohoa, kisha akageukia moshi asiousikia. "Vipi sasa?"

Nilikuwa bado najifunza. Nilisema mchanga, naye akamwaga. Tukazipasua. Zilikuwa mbichi.