Sahani Kumi na Tisa za Mzee Nandonde

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinikabidhi kalamu nyekundu, akasema, "Binti, marudio ni uvivu wa mwandishi. Ukiyaona, kata." Nikakata miaka yote niliyohariri riwaya pale ofisini kwetu Kinondoni, na sifa nikapata. Nyie mnaoingia kazi hii leo, nisikilizeni.

Mzee Nandonde, mchonga vinyago wa Bunju, alituletea riwaya ya fantasia: falme saba, majoka, vita visivyokwisha. Aliiandika kwa mkono, madaftari kumi na moja. Joka lilikuwa taashira ya njaa. Hilo nililiona upesi, nikajipongeza. Lakini kila watu walipokula, katika kila ufalme, sahani moja ilifunikwa kwa kawa na haikuguswa. Mara kumi na tisa! Nikasema, huyu mzee naye, kasahau kwamba keshaiandika? Nikazikata zote. Kumbe ndiyo motifu yenyewe, picha inayorudi mpaka imwingie msomaji. Nilifundishwa chuoni, mezani nikasahau.

Alipoona prufu, yaani kurasa za kukagua kabla ya kuchapa, alikuja. Hakufoka.

"Mwanetu alikwenda machimboni, hajarudi. Mama yake humfunikia chakula kila siku. Nilitaka msomaji naye achoke kungoja, kama sie. Zirudishe, mama."

Nikampelekea Mhariri Mkuu ombi lake. "Mitambo inasubiri," akasema. Ningeweza kubisha. Niliogopa, nikatia saini kichapwe vilevile. Kitabu kilipotoka, madaftari yakatupwa, ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Sasa nimestaafu, naishi Mbagala peke yangu. Simu inaweza kukaa siku tatu isilie. Upweke unauma jamani, tusidanganyane. Niliposikia Mzee Nandonde amefariki, nikaenda Bunju kumpa pole mkewe, Bi Somoe. Hajui kusoma, akaniomba nimsomee kitabu cha mumewe. Nikaanza, nikafika mashujaa wanapokaa kula.

"Hapo umeruka," akasema.

"Sijaruka, mama. Ndivyo kilivyoandikwa."

"Marehemu alikuwa akinisomea hichohicho. Hapo mwanangu anafunikiwa chakula."

Kumbe mzee alizirudisha sahani zile kwa mdomo, kila alipomsomea. Machozi yakanitoka. Nikamwambia ukweli, kwamba niliziondoa mie.

 Bi Somoe akaniuliza taratibu, bila hasira:

"Kwani wewe ulipata habari kwamba harudi?"