Maziwa Yangu Kwenye Kabati la Utitiri

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Aliyeharibu utafiti wa Diane ni mimi, msafishaji wa maabara, na sababu ni maziwa ya mgando.

Diane ni mwanafunzi wa uzamili. Alikuwa akifuga utitiri mwekundu, vile vidudu visivyofika hata chembe ya chumvi vinavyofyonza majani ya maharage. Alikuwa na makabati mawili ya umeme, la baridi na la joto la nyuzi thelathini. Alitaka kuonyesha kwamba kwenye joto yai hugeuka mdudu mzima haraka zaidi.

Mimi nikaona rafu tupu kwenye kabati la joto. Kwangu, mlimani Rebero, kuna ubaridi, na ikivuguto, ndiyo hayo maziwa ya mgando, haigandi vizuri. Ila nyuzi thelathini ni kali kwa maziwa. Basi kila jioni nikiondoka naweka jagi langu, nashusha joto hadi ishirini. Asubuhi natoa jagi, narudisha thelathini, nafuta meza. Diane akija anakuta kila kitu safi.

Vidudu vya joto vikaanza kujikokota katika kukua. Wasomi wetu, badala ya kushuku kabati, wakashuku vidudu. Msimamizi wake alifurahi utadhani kapata mjukuu.

"Huu ni uvumbuzi," alisema ukumbini siku Diane alipowasilisha matokeo. "Utitiri wa Rwanda una nidhamu."

Mkulima mmoja aliyealikwa akauliza mbona kwake, kiangazi kikiwaka, vinamaliza shamba kabla hajapata dawa. Akaambiwa asubiri muda wa maswali. Mimi nilikuwa nyuma nikigawa ikivuguto. Makofi nikapiga pia.

Watahini wakataka jaribio lirudiwe. Bahati mbaya nilikuwa likizo kwa dada yangu Karagwe. Vidudu vya joto vikakua mbio, kama mkulima alivyosema. Sasa Diane anatuhumiwa kutunga takwimu, na shahada yake imezuiwa.

Alinijia analia. "Yewe Mama, wanasema namba zangu iko uongo. Na mimi niliandika tu kile niliona."

Nikamimina kikombe cha ikivuguto, nikampa. Akanywa chote, akanishukuru. "Hapa ni wewe tu unanihurumia."

Niliona aibu, nikachukua kikombe nikaenda kukiosha.

Wewe unayegusa mashine ya mwenzako ukidhani hakuna hasara, acha. Na kama umeshagusa, kaseme leo. Kamati ya kumjadili Diane inakaa Ijumaa. Mimi nimeanza kukiri kwenu kwa sababu hamnijui.