Kitovu cha Mjukuu wa Thakur

Watoto wote wa nyumba ya Thakur, bwana shamba wa tabaka la juu, nimewakata kitovu mimi. Mama yangu aliwakata baba zao. Ni kazi yetu sisi wanawake wa Kidalit, tabaka la chini kabisa, maana damu ya uzazi ni najisi, na sisi, wanasema, tumezaliwa najisi. Mtoto akishaogeshwa siruhusiwi kumgusa tena. Nilipokanyaga hunyunyiziwa maji ya Ganga, mto wao mtakatifu.

Birendra, mwana wa Thakur, alitoka miguu kwanza, hapumui. Nilimpulizia pumzi kwa mdomo wangu huu. Juzi Birendra huyohuyo alimvunja mkono binti yangu Jhuniya kwa fimbo, kwa kuwa aligusa pampu yao ya maji.

Jana wakaniita. Mke wa Birendra alikuwa amejifungua kabla sijafika. Nilimkuta mtoto juu ya gunia, analia kwa nguvu, kitovu bado kimeshikana na kondo la nyuma. Hakuna aliyemgusa. Chumbani walikuwa mzazi na mama mkwe wake tu.

"We Sugiya, ulikuwa wapi? Kata upesi!" mama mkwe alifoka, pua kaziba kwa sari.

"Sikati, bibi mkubwa."

"Umelewa?"

"Namuuguza mwanangu. Wembe huu, uzi huu. Funga hapa na hapa, kata katikati. Mjukuu ni wako."

"Mimi nishike uchafu huo? Mshenzi wewe!"

"Basi mwite Birendra. Si anajua kushika fimbo?"

Mzazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nakuomba. Mwanangu ana baridi."

Bibi mkubwa akapiga magoti. Nilimwelekeza kwa maneno, kidole sikuinua. Alipomaliza alizitazama bangili zake zilivyolowa damu, akaninong'oneza, "Umekata wewe. Umesikia? Wewe!"

Nilichukua wembe wangu nikaondoka.

Leo asubuhi nilikwenda na Jhuniya kwenye pampu, watu wote wanatuona, mkono wake umefungwa kwa vijiti. Birendra akatoka na fimbo yake. Mamake alikuwa barazani.

"Bibi mkubwa!" nikapaza sauti. "Nimwambie mwanao nani alikata kitovu jana?"

Uso ulimshuka.

"Birendra, rudi ndani," akasema.

"Lakini mama, hawa..."

"Rudi ndani nimesema! Waache wateke."

Jhuniya alisukuma mpini kwa mkono wake mmoja mpaka ndoo ikajaa. Sikumshukuru mtu.