Niliwaambia Ni Vichuguu

Nikiwa mdogo nilikuwa namfuata babu porini kulina asali. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa wapagazi wa zamani, wale waliopita huku kwetu na pembe mabegani. Anayetangulia, akifika njia panda, huvunja tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyofaa. Wa nyuma akiliona anajua huku hakupitwi. Babu aliumwa sana na nyuki, lakini hayo tuyaache.

Kosa ni langu mimi, simsingizii mtu.

Wataalamu walikuja kijijini kupanga matumizi ya ardhi: hapa malisho, hapa makaburi, hapa barabara. Wakaomba mzee wa kuwatembeza, nikatoka mimi. Kwenye ile njia ya misafara ya wapagazi pana vilima vidogo. Mmoja akauliza, "Mzee, haya si makaburi?"

Yalikuwa makaburi. Katika mojawapo alilala mke wa mtani wangu, Mgogo niliyezeeka naye. Waliopajua tulibaki sisi wawili, na yeye alikuwa Ipuli kwa binti yake, anauguzwa. Lakini barabara ingekwepa pale, ingekata shamba langu la tumbaku.

Nikasema, "Vichuguu tu hivyo."

Mkutano wa kijiji ukaupitisha mpango, na mkono nikanyoosha. Nilijipa moyo: hii ramani ni ya kijiji tu, kata wataikagua, wilayani kuna wasomi, watarekebisha. Kumbe wa juu anamfuata wa chini. Kata wakaingiza yetu kwenye yao, wilaya wakaingiza ya kata, barabara ikachorwa juu ya neno langu.

Kiangazi tingatinga likapita pale.

Wewe unayesoma, wakija kwenu kuuliza, sema kilichopo palepale. Usimwachie wa juu, yeye hapajui. Mimi hadi leo nikikuta kichuguu, hata cha mchwa kweli, nakipisha na kukiamkia.

Mtani alipopona akaja kwangu. "Mnyamwezi, mbeba mizigo ya watu, hujafa tu?" Alinitania kama siku zote, ila hakuketi. "Wilayani wanasema wameitoa kata. Kata wanasema kijijini. Kijijini wanasema kuna mzee aliyeonyesha. Mzee gani, mtani?"

Nikatazama tumbaku.

"Kaburi lile ulilichimba wewe."

"Nililichimba."

Akatoka. Pale njia inapoingia kwangu akavunja tawi bichi, akalilaza chini. Desturi ile ya babu nilimsimulia mimi mwenyewe. Akaenda zake, hakurudi tena.