Mtaa Nilioujenga Juu ya Shamba la Baba

Baba alipofariki, nilianza kulijenga shamba letu la Matinyani ndani ya gemu la kompyuta. Ni gemu la kujenga miji: unalaza barabara, unaweka nyumba, unavuta maji. Wachezaji wengi hupanga mitaa yao kwa rula, nyumba zote zikitazama upande mmoja. Upuzi mtupu. Mtaa wa kweli una barabara inayokata kona kumkwepa mtu aliyekataa kuhama, na tangi juu ya kila paa kwa sababu maji ya bomba huja yakijisikia.

Mimi nilifuata matuta ya shamba letu. Mama aliyachimba na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, na sikusawazisha hata moja. Kitu kimoja tu kilinishinda: kaburi la baba. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, naye yuko hatua chache kutoka mlangoni, na kando yake mama ameacha nafasi yake mwenyewe. Gemu halijui kaburi la mtu mmoja. Lina makaburi ya umma tu, na ukiyaweka karibu, watu wanahama. Nikapanda nyasi pale, nikaweka benchi. Nilijiambia ni mchezo tu.

Krismasi kaka yangu mkubwa alisimama nyuma yangu akitazama, kisha akaomba picha. "Aki umeweza," akasema. Alikuwa hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, nami nikafurahi kama mjinga, nikamtumia zote.

Niliporudi nyumbani Pasaka, bango lilikuwa limesimama kando ya barabara. Mtaa wangu wote, na juu yake: PLOTI ZINAUZWA. Hati ya shamba ina jina la kaka, kwa hivyo hakuuliza mtu. Nilimpigia simu. Akaniambia nisilete siasa, baba atahamishwa kwa heshima, ati mnunuzi gani anataka maiti uani. Nikakata simu.

Mama aliniomba nimpeleke alione bango. Akafuata matuta yake kwa kidole, moja moja, hadi mlangoni kwetu. Kidole kikasimama kwenye benchi.

"Hapa ndipo baba yako alipo," akasema. "Nani alimtoa, wewe ama kaka yako?"

"Ni mimi, mama."

Akashusha mkono, akaanza kurudi nyumbani bila kuningoja.