Kiswahili Tulichomfundisha Mama

Enzi zetu kule Kitahana, jamani, maharage hayakuinjikwa hivihivi. Kwanza tulikaa jikoni kuyapukuchua, na kila mmoja alieleza kwa Kiswahili alichofanya siku hiyo. Ndani tulisema Kirundi, kwa majirani Kiha, na Kiswahili kilikuwa cha shuleni. Moshi unawasha macho, tumbo linanguruma, nawe unatafuta neno. Mdogo wangu Eliya alisema kila siku, "Leo nimecheza," basi, kamaliza. Baba alikuwa akimwambia, "Umecheza na nani? Wapi? Hiyo ni mifupa, ongeza nyama!"

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Mama. Bibi alivuka kutoka Burundi amembeba mgongoni, shule hakupelekwa, na shamba na kwaya yake vyote vilikwenda kwa Kirundi. Sasa familia yetu ilikuwa imeomba uraia, na Mama angeitwa Kibondo mjini kuhojiwa kwa Kiswahili, bila mkalimani. Baba hakuwa na shida, alikiokota katika biashara zake za Manyovu. Lakini Mama akishindwa, je, tutabaki naye? Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Mimi niliogopa sana.

Tulimfundisha tulichokuwa nacho, yaani cha darasani. Alijua kusema "bendera yetu inapepea" kabla hajajua kuomba chumvi dukani. Weee, tulicheka mpaka mbavu zikauma! Naye hakununa. "Nichekeni," alisema, "lakini mnifundishe." Kisha anarudia, huku vidole vikiendelea na maharage.

Siku ilipofika nilimsindikiza, nikakalishwa kwenye benchi kando yake. Afisa alipomuuliza jina tu, Mama akasimama wima, mikono nyuma: "Shikamoo mwalimu!" Kosa letu hilo. Sisi tulijifunza Kiswahili kwa kusimama mbele ya mwalimu, tukamfundisha na kusimama kwenyewe. Nikaona tumekwisha.

Afisa akatabasamu. "Marahaba. Keti, mama. Hebu niambie, jana ulifanya nini?"

Lo! Mama aliketi, akafungua mdomo. Alimweleza alivyopalilia mihogo, mbuzi wa jirani alivyoingia shambani, alivyomfukuza, mwenye mbuzi alivyokuja juu, na walivyopatana. Alikosea huku na kule, akajirekebisha, akaendelea. Mwisho afisa akainua mkono, "Inatosha, mama, inatosha!"

Uraia tulipata, sote. Jibu lilipokuja Mama alipiga vigelegele, akasahau Kiswahili chote: "Imana ishimwe!" Mungu asifiwe. Majirani wakaja, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Siku hizi naishi Kasulu. Wanangu wamezaliwa na Kiswahili mdomoni, tena cha redioni. Ukiwauliza shule ilikuwaje, "Freshi tu, mama." Wa pili: "Poa." Wa tatu hata hajanyanyua macho kwenye simu. Nimesoma ualimu, sentensi ndiyo kazi yangu, na nyumbani kwangu sipati hata kiima na kiarifu pamoja! Nawakaripia, nakumbuka tulivyokaa tukisikilizana, nasikia uchungu kidogo.

Halafu najirudi. Hawa hawajawahi kulala wakijiuliza kama mama yao ataruhusiwa kubaki nao. Wanakitupa Kiswahili ovyo kwa sababu hakuna atakayewapima nacho ili wawe wa hapa. Mama, Baba, asanteni. Hilo ndilo mlilotuhangaikia.